Ishirini kwa Kila Kitanda

Jumanne, tarehe kumi na tisa, mwezi wa tano. Manyunyu tangu alfajiri, ubaridi wa kuficha mikono, mawingu yamelala juu ya paa kama blanketi bichi.

Maneno hayo yaliandikwa juu ya ukurasa mpya wa daftari lenye jalada la kijani. Aliyeyaandika alikuwa amesimama kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha wodi ya upasuaji, daftari ameliegemeza kwenye mlango wa kabati. Mwalimu wa masomo ya jioni ndiye aliyewazoesha hivyo. Kila ukurasa uanze na tarehe na hali ya hewa, alisema, kwa sababu mtu asiyeweza kueleza kilicho nje ya dirisha hataweza kueleza kilicho kitandani. Wanafunzi wengine, wengi wao wa umri wa watoto wake, waliuacha mtindo huo kabla mwezi haujaisha. Yeye hakuuacha. Ndiyo sababu wodini walimwita Mama Daftari, na jina lake la nyumbani likabaki hukohuko nyumbani.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Kumi na minane kati ya hiyo aliimaliza kwenye chumba cha kufulia cha hospitali hiyohiyo, akiloweka, akianika, akipiga pasi, akihesabu mashuka. Alipojiandikisha masomo ya jioni, wenzake wa kufulia walicheka hadi wakashika mbavu.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema mmoja wao. "Wewe umeshakauka, dada."

"Hata samaki mkavu akilowekwa hulainika," aliwajibu, "na kwa kuloweka, hapa nani atanishinda?"

Basi alijiloweka miaka mitatu. Mchana mashuka, jioni vitabu, na kila alipofungua kitabu alimwomba Mungu kwanza amfungulie na kichwa. Sasa alikuwa muuguzi msaidizi wa majaribio, mwezi wa mwisho kati ya sita. Ijumaa ya wiki hiyo matroni angelifungua faili lake na kukata shauri: athibitishwe kazini, au arudi kwenye mashuka.

Kazi aliyopewa ilikuwa vipimo. Kila baada ya saa nne alisukuma kitoroli kutoka kitanda cha kwanza hadi cha kumi na nne, akaandika kwenye chati joto la mwili, mapigo ya moyo, presha na pumzi. Joto lina kipimajoto chake. Presha na mapigo vina mashine. Unafunga kitambaa mkononi, kinavimba, kinanywea, namba zinajitokeza zenyewe. Pumzi haina mashine. Pumzi inataka mtu asimame na kutazama kifua kinavyopanda na kushuka kwa dakika nzima, tena bila mgonjwa kujua, kwa maana mtu akijua anahesabiwa pumzi huanza kupumua kama anayepigwa picha. Kwa hiyo unamshika kifundo cha mkono, unajifanya bado una shughuli na mapigo, na macho yako unayapeleka kifuani.

"Pumzi," mwalimu alikuwa akiwaambia, naye ni muuguzi mstaafu mwenye sauti ya kukwaruza, "ndiyo ya kwanza kusema kwamba mambo yanaharibika, na ndiyo ya mwisho kusikilizwa. Mkiniona mimi mzee nimelazwa, naomba mnihesabie."

Wodini mambo yalikuwa tofauti. Siku yake ya kwanza na kitoroli, alifuatana na kijana mmoja, muuguzi msaidizi aliyethibitishwa zamani, ambaye wenzake walimwita Msomi kwa sababu hakupenda kusoma. Msomi alimwona amekodoa macho kifuani kwa mgonjwa, akaguna.

"Mama, unamtazama mzee wa watu kama unataka kumposa. Andika ishirini, twende."

"Sijahesabu bado."

"Ishirini haina kesi. Ukiandika kumi wataitana, ukiandika thelathini wataitana. Ishirini inalala usingizi, nawe unalala usingizi."

"Mimi nahesabu, mwanangu."

Akahesabu. Msomi akasubiri, amejipinda juu ya kitoroli kama anayesubiri chai ichemke. "Haya, ngapi?"

"Ishirini."

Msomi alicheka kwa adabu, mkono mdomoni. "Umesimama dakika nzima kununua kilekile nilichokupa bure."

Mama Daftari hakuona haya. Uongo ni uongo hata ukifanana na kweli, alijiambia, akaendelea kuhesabu kila kitanda, kila zamu. Wenzake waliandika ishirini bila kutazama. Yeye alitazama, na wiki hizi za karibuni akawa anapata ishirini, mara nyingine kumi na tisa, mara nyingine ishirini na moja. Hilo lilimstaajabisha kidogo, kisha likamfurahisha. Aliona Mungu amewapanga watu vizuri.

Hapo mwanzo alikuwa na saa ndogo ya kubandika kifuani. Wiki tatu zilizopita ilichomoka ikatumbukia kwenye ndoo ya dawa ya kusafishia, ikafa papo hapo. Simu haziruhusiwi wodini kwa wafanyakazi, huachwa kabatini. Saa ya ukutani ilikuwepo, lakini mshale wake wa sekunde ulidondoka mwaka juzi, ukalala chini ndani ya kioo kama mguu wa panzi, na hakuna aliyekumbuka kuuinua. Mwingine angeazima saa. Mama Daftari hakuazima, kwa sababu alikuwa na kitu alichokiona bora kuliko saa.

Kilikuwa sala. Aliipokea kwa mama yake, na ilikuwa na mistari ishirini, kila mstari unamkumbuka mtu mmoja mbele ya Mungu: mkumbuke aliyelala, mkumbuke aliyekesha, mkumbuke aliye safarini, mkumbuke aliyepotewa na hamu ya kula, na kuendelea hadi wa ishirini, mkumbuke anayeomba sala hii. Jioni moja darasani mwalimu aliwaambia wafumbe macho, kila mmoja ainue mkono akidhani dakika imetimia. Mmoja aliinua kwenye sekunde ya arobaini. Mwingine kwenye ya tisini, wakamwambia alikuwa amesinzia. Mama Daftari aliisali sala yake kimoyomoyo, akainua mkono kwenye sekunde ya sitini kamili. Wakarudia mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa sitini.

"Huyu alizaliwa na saa tumboni," mwalimu alisema, na darasa likampigia makofi.

Makofi hayo aliyahifadhi. Saa ya kifuani ilipokufa, alianza kuhesabu pumzi za wagonjwa kwa sala: macho kifuani, vidole vikihesabu, midomo ikitembea na mistari ishirini. Alipofika kwa anayeomba sala hii, dakika ilikuwa imetimia, na mgonjwa alikuwa amepimwa na kuombewa kwa safari moja. Aliona amepata faida mara mbili. Hakumwambia mtu.

Jumanne hiyo, saa nane mchana, manyunyu yalikuwa bado hayajakatika alipofika kitanda cha tisa.

Kitanda cha tisa alilala fundi viatu mmoja wa miaka sitini na miwili, aliyepasuliwa ngiri Ijumaa iliyotangulia. Alikuwa mtu wa maneno. Siku ya kwanza alivikagua viatu vya daktari kabla daktari hajakagua kidonda chake, akamwambia kisigino cha kulia kinalika upande, ajihadhari na mgongo. Mkewe, mwanamke mpole mwenye kikapu, alikaa kando yake kila saa za wageni, na mkononi alivaa saa ya mumewe, kubwa, yenye mkanda wa ngozi ulioshonwa na fundi mwenyewe. Alimtunzia hadi atoke.

"Habari za mchana, baba," Mama Daftari alisema.

"Nzuri." Fundi alivuta hewa. "Za kwako?"

Joto lilikuwa thelathini na saba nukta sita, lakini alikuwa amepewa dawa ya maumivu saa sita, na dawa hiyo hushusha na homa. Mapigo yalikuwa mia na nne. Presha haikuwa na neno. Akamshika kifundo cha mkono, akapeleka macho kifuani, akaanza. Mkumbuke aliyelala. Mkumbuke aliyekesha. Alipomaliza, vidole vilisema ishirini. Akachukua kalamu.

"Mama Daftari," fundi alisema. "Leo sala yako... ina haraka ya basi."

Kalamu ilisimama. "Sala gani, baba?"

"Hiyo unayoitafuna." Akavuta pumzi. "Mimi kazi yangu... ni kutazama watu chini. Hapa nimelala... nawatazama juu. Ijumaa midomo yako ilikwenda taratibu... kama bibi anayetambaa na ukuta. Leo inakimbia."

"Usimchokoze dada, anafanya kazi," mkewe alisema, kisha akamgeukia Mama Daftari kama anayeomba radhi. "Leo hata utani wake anaukata vipande. Si kawaida yake. Huyu akianza sentensi huwa huoni pa kuingilia."

Mama Daftari alibaki na kalamu hewani. Mambo mawili aliambiwa kwa pamoja, na yote mawili alikuwa ameyaona bila kuyaona: mtu huyu alikuwa anakata maneno ili avute hewa, na sala yake ilikuwa inakimbia. Alijaribu kukumbuka kama ana haraka. Hakuwa na haraka yoyote.

"Mama," alimwambia mke wa fundi, "niazime hiyo saa."

Aliishika kiganjani. Mshale wa sekunde ulikuwa mwekundu, unapiga hatua bila wasiwasi. Akahesabu tena, safari hii midomo ameifunga, hadi mshale ulipozunguka na kurudi juu. Thelathini na nne. Akarudia. Thelathini na nne.

Kisha akafanya jambo ambalo lilimgharimu kuliko yote ya siku hiyo. Akaisali sala yake palepale, macho kifuani kwa fundi, saa kiganjani. Alipofika kwa anayeomba sala hii, akatazama mshale. Zilikuwa zimepita sekunde thelathini na tano.

Alielewa akiwa amesimama hapohapo. Sala haikuwa ikienda kwa mwendo wake. Kifua cha mgonjwa kilipopanda, yeye alianza mstari; kiliposhuka, aliumaliza. Kila pumzi mstari mmoja, na mistari ni ishirini. Mgonjwa akipumua haraka, sala inakimbia naye. Akipumua polepole, sala inamsubiri. Angempima farasi, farasi naye angepata ishirini. Wiki tatu alikuwa akijipima mwenyewe na kuandika kwa majina ya watu wengine.

Aliichukua chati miguuni pa kitanda. Mstari wa pumzi ulinyooka kutoka Ijumaa hadi Jumanne kama kamba ya kuanikia nguo. Ishirini, ishirini, ishirini.

Sista wa zamu alikuwa meza ya dawa, akipanga vikombe vidogo kwenye sinia. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na walimwita Sista Rula kwa sababu alinyoosha kila kitu, mashuka, sauti na watu. Msomi alikuwa kwenye sinki pembeni, akiosha vifaa.

"Sista, kitanda cha tisa anapumua thelathini na nne."

Sista Rula hakuinua kichwa. "Saa nne asubuhi alikuwa ngapi?"

"Chati inasema ishirini."

"Jana?"

"Ishirini."

"Mama, mtu hatoki ishirini saa nne akafika thelathini na nne saa nane, tena yuko kitandani anapiga soga. Umehesabu kupanda na kushuka, umezifanya mbili. Wanafunzi wote hufanya hivyo." Alisema bila ukali. "Daktari yuko chumba cha upasuaji. Leo ameitwa mara mbili bure, na mara ya pili alinipa maneno sijayasahau. Rudi uhesabu vizuri. Nikimaliza dawa nitakuja kuangalia."

Dawa zilikuwa za vitanda kumi na vinne. Nusu saa, kama hakuna atakayetapika.

"Na usikimbilie kuandika hiyo thelathini na nne," Sista aliongeza kwa sauti ya chini, na kwa wema. "Ijumaa matroni anafungua faili lako. Ataona namba imeruka hivyo, atasema hujui kuhesabu."

Mama Daftari alirudi hatua mbili. Njia aliiona, tena ilikuwa pana. Angeandika ishirini na nne. Ishirini na nne ni daraja la katikati, haimshtui mtu. Saa kumi na mbili jioni angeandika ishirini na nane, na zamu ya usiku ingejua la kufanya. Namba ingepanda ngazi taratibu, hakuna ambaye angeuliza ilianzia wapi, na Ijumaa angethibitishwa. Nyuma yake alimsikia fundi akikohoa kikohozi kifupi cha mtu anayeogopa kidonda chake.

Mungu wangu, alisema moyoni, nami nimekutumia kama saa. Akapiga moyo konde, akageuka.

"Sista, hakutoka ishirini. Hakuwahi kuwa ishirini."

Sasa Sista Rula aliinua kichwa. "Unasema nini?"

"Namba za mchana kwenye chati hii nimeziandika mimi, na si za kweli. Sikuwa na saa. Nilihesabu kwa sala yangu, nikidhani ni dakika moja. Kumbe naisali kwa mwendo wa mgonjwa. Sala ina mistari ishirini, kwa hiyo kila mtu ni ishirini. Siyo yeye peke yake. Ni wodi nzima, wiki tatu." Akafungua kiganja chenye saa. "Nimejipima leo kwa saa ya fundi. Dakika yangu kwake ni sekunde thelathini na tano."

Sista Rula aliacha kupanga vikombe.

"Wiki tatu," Sista alisema.

"Ndiyo, Sista."

"Na za usiku? Usiku hukuwepo. Za usiku nazo ni ishirini."

Jibu la hilo halikuwa la Mama Daftari. Msomi alifunga bomba, akaendelea kuitazama sinki iliyokwisha kuwa tupu. Sista Rula aliichukua chati mikononi mwa Mama Daftari. Ishirini ya Jumapili usiku iliandikwa kwa wino wa bluu, kwa mwandiko ulionyooka sana, na kila mtu wodini aliujua mwandiko ule ni wa nani. Aliutazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake mahali pasipostahili.

Akasukuma sinia kando. "Nipe hiyo saa."

Walisimama wote wawili kando ya kitanda cha tisa. Sista alishika kifundo cha mkono wa fundi, akahesabu midomo imefungwa, mshale mwekundu ukazunguka duru nzima. Walipata thelathini na sita.

"Msomi," Sista alisema bila kupandisha sauti, "nenda wodi ya wazazi uazime kipimo cha oksijeni, kile cha kubana kidoleni. Usitembee."

Msomi hakutembea. Kipimo kilipobanwa kidoleni kilisoma themanini na sita, na kwa mtu mwenye mapafu mazima huwa tisini na tano au zaidi. Sista alikwenda mwenyewe kwenye simu ya ukutani, na aliyepokea chumba cha upasuaji alisikia sauti ambayo haikuacha nafasi ya maneno.

Daktari alifika na kofia ya upasuaji bado kichwani. Wakati huo fundi alikuwa ameshainuliwa, ameegemezwa mito mitatu, na barakoa ya oksijeni inafoka puani. Daktari alimsikiliza mgongoni, juu, katikati, chini. Alirudia chini, upande wa kulia, mara tatu.

"Huku hewa haiingii vizuri," alisema. "Ni nimonia. Huwapata waliopasuliwa wanaoogopa kukohoa. Makohozi yanatuama chini. Baba, umekuwa ukikohoa?"

"Nimekuwa... nikijizuia."

"Aliogopa nyuzi zitakatika," mkewe alisema. "Yeye ni fundi, anasema mshono mpya hauvutwi."

"Mshono wangu si wa kiatu," daktari alisema, na alikuwa anaandika dawa za kwenye mshipa huku akisema. Kisha akaichukua chati. "Ilianza lini?"

Daktari alipitisha kidole kwenye mstari wa pumzi, tangu Ijumaa, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Uso wake haukukasirika; ulichoka. "Nataka kujua kama ni ya leo au ya siku tatu. Dawa zinategemea, na picha ya kifua itachukua muda. Hii chati haijui kitu."

"Jumapili," fundi alisema chini ya barakoa.

"Unajuaje, baba?"

Fundi alinyoosha kidole kwa Mama Daftari. "Midomo yake. Ijumaa taratibu. Jumamosi taratibu. Jumapili mchana... ikaanza kutembea. Jana ikachapuka. Leo..." Akafanya vidole viwili vikimbie juu ya shuka.

Daktari alimtazama Sista, Sista akamtazama Mama Daftari, na ikabidi aseme tena yote kuanzia mwanzo, safari hii mbele ya daktari, mgonjwa na mke wa mgonjwa. Alisema akiwa amesimama wima, mikono nyuma. Mke wa fundi alisikiliza, mkono wake ukiwa juu ya mguu wa mumewe.

Daktari aliichukua tena kalamu. Kisha akaandika: *Kuanzia Jumapili mchana.* Kwenye nafasi ya mtoa taarifa akaandika: *Mgonjwa.*

Fundi alipewa dawa zake kabla ya saa tisa na nusu. Jioni Mama Daftari alipita vitanda vyote kumi na vinne na saa ya kuazima, akahesabu upya. Kijana wa kitanda cha nne, aliyevunjika mguu, alikuwa kumi na nne. Mzee wa kitanda cha kumi na mbili, ishirini na tatu. Mwanafunzi wa kitanda cha pili, kumi na saba. Ishirini alikuwa mmoja tu, kitanda cha sita. Mama Daftari alisimama pale muda mrefu kidogo, akamwangalia mtu huyo kama muujiza. Namba za nyuma hakuzifuta, kwa kuwa chati haifutwi. Kando ya kila moja iliyokuwa yake aliandika: *haikupimwa kwa saa*, akatia sahihi. Alitia sahihi mara nyingi hadi kidole kikauma. Alipoinua macho aliona Sista Rula, upande wa pili wa wodi, naye ameinamia chati na kalamu ya wino wa bluu.

Jumatano fundi hakuwa na nafuu ya kusemwa. Alhamisi asubuhi alifika ishirini na sita, akaomba uji, akakohoa vizuri, mto ameukumbatia juu ya mshono kama alivyofundishwa. Ijumaa saa moja na nusu asubuhi, mvua imekatika na jua limeingia hadi katikati ya wodi, matroni alikuja kwenye makabidhiano ya zamu.

Matroni alikuwa mwanamke mnene, mzito wa hatua, asiyependa kukaa ofisini kusema yanayohusu kitanda. Alipita na watu wa zamu kitanda baada ya kitanda, faili la Mama Daftari likiwa kwapani. Walipofika cha tisa akasimama. Fundi alikuwa amekaa, barakoa imeondolewa, mkewe ameruhusiwa kuingia mapema na kikapu chake.

"Pumzi ngapi?" matroni aliuliza.

"Kumi na tisa," Mama Daftari alisema. "Kwa saa, dakika nzima, mara mbili."

Matroni alitikisa kichwa taratibu. "Nilikuwa nimeandika barua mbili tangu wiki iliyopita. Moja ya kukuthibitisha, moja ya kukurudisha ulikotoka. Nimeziacha zote nyumbani. Utaongezewa miezi mitatu ya majaribio. Ungenyamaza Jumanne, leo ningekupa ile ya kwanza, nami nisingejua nimemthibitisha nani." Akageukia wengine. "Na msidhani mama huyu ndiye mwenye ugonjwa. Nimepitia chati za miezi sita. Wodi hii ina ishirini nyingi kuliko mayai ya sokoni. Saa mpya ya ukutani inakuja leo mchana. Kuanzia sasa asiyehesabu aache wazi, aandike hakuhesabu."

Msomi alitazama viatu vyake. Fundi naye akavitazama, kwa mazoea ya kazi.

"Mama Daftari," matroni alisema, "una la kusema?"

Alikuwa nalo. Alikuwa amelisema kwa Mungu tangu alfajiri, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, na alidhani huko ndiko litakakobaki. Midomo yake ikaanza kutembea bila sauti.

"Hapana," fundi alisema. Sentensi zake zilikuwa zimerudi nzimanzima. "Mimi midomo yako nimeisoma siku tano na imenichosha macho. Leo sema kwa sauti, hapa, mke wangu asikie na hawa wakubwa wako wasikie, ili hata nikitoka niwe na mashahidi."

Mke wa fundi aliivua saa mkononi, akaifunga kwenye mkono wa mumewe, ilikokuwa tangu zamani, kisha akamtazama Mama Daftari akisubiri. Sista Rula alisubiri. Daktari, aliyekuwa akipita kwenda kitanda cha kumi, alisimama.

"Naahidi," Mama Daftari alisema, na wodi ikamsikia hadi kitanda cha kumi na nne. "Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu, sitaandika pumzi ya mtu ambayo sikuihesabu kwa saa, dakika nzima, mdomo nimefunga. Nisipohesabu, nitaandika sikuhesabu. Na nikishaandika, ndipo nitamwombea."